Majuu mzee anauza nyumba alelewe, huku kwetu bili anaibeba mama mdogo!

UKIKAA kwenye kijiwe chochote hapa mjini, hasa penye kahawa na kashata, hutakosa kumsikia mtu akisema: "Wale Wazungu hawana utu bwana. Mzazi akishazeeka wanakwenda kumtupa kwenye nyumba ya wazee." Wote wanatingisha vichwa. Mwingine anadakia, "Sisi Waafrika hilo hatuliwezi." Basi, kahawa inaongezwa, mazungumzo yanahamia Simba na Yanga, na suala la wazee linakuwa limeishia hapo.

Mie wiki hii nataka lisiishie hapo. Nataka tuulizane swali ambalo pale kijiweni halijaulizwa: Kumlea mzee asiyejiweza ni shilingi ngapi? Na nani analipa?

Najua kuna msomaji ameshakunja uso. Eti mzazi anapigiwa hesabu kama gunia la mkaa! Tulia kwanza. Wenzetu wa Uingereza wamelipigia hesabu jambo hili kwa miaka mingi, wamegombana hadi waziri mkuu akapoteza wingi wake bungeni, na mpaka leo hawajamaliza. Ukiyasikia ya kwao utayaona vizuri ya kwetu.

SI JALALA LA WATU

Nina binamu yangu mmoja (jina nalihifadhi, asije akanigombeza kwenye simu) ambaye yuko Uingereza na kazi yake ni kulea wazee. Zamani tukisema fulani yuko majuu "anabeba boksi" ilikuwa ni maboksi kweli kweli, ya ghalani. Siku hizi wengi hawabebi boksi tena, wanabeba watu. Anamwamsha mzee, anamwogesha, anambadilisha, anamlisha, anampa dawa, anamgeuza kitandani ili asipate vidonda vya kulalia. Akimaliza huyo anakwenda kwa mwingine.

Binamu anasema wengi wa wazee anaowahudumia hawakutupwa. Wengine wana ugonjwa wa kusahau kiasi kwamba wakiachwa peke yao wanaweza kuwasha jiko na kwenda kulala. Watoto wao wanakuja Jumapili na maua, wanalia kwenye gari wakati wa kuondoka. Kuna wasiotembelewa pia, hilo hakulificha. Lakini akasema neno moja lililonikaa: "Huku mtu analia mara mbili. Analia kwa mzazi wake, halafu analia kwa bili."

Ndugu msomaji, bili yenyewe si ya mchezo. Mzee anayejilipia mwenyewe kwenye nyumba ya wazee kule England kwa kawaida anatoa zaidi ya paundi 1,000 kwa wiki. Nasema kwa wiki, si kwa mwezi! Tukipiga paundi moja kwa shilingi 3,300 ili hesabu iwe nyepesi, hiyo ni shilingi milioni 3.3 kila wiki ya Mungu. Kwa mwaka ni paundi 52,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 170. Kwa hela hiyo huku kwetu mtu anajenga na kuhamia.

Utasema si kule kuna serikali tajiri, matibabu bure? Hapo ndipo kasheshe linapoanza.

HOSPITALI BURE, MALEZI KWA MSHIKO

Watu wengi, hata Waingereza wenyewe, hawajui tofauti hii mpaka yawafike. Kule ukiugua saratani, serikali inakutibu bila kukudai senti, toka mwaka 1948 ilipoanzishwa huduma yao ya afya. Lakini ukipata ugonjwa wa kusahau, ukawa huhitaji upasuaji bali unahitaji mtu wa kukuogesha na kukulisha, hiyo haiitwi matibabu. Inaitwa malezi, na malezi yanalipiwa. Upo mlango mdogo ambapo huduma ya afya inabeba gharama zote, lakini ni kwa yule tu ambaye tatizo lake kubwa limeonekana kuwa ni la kiafya. Kupita mlango huo ni mbinde.

Kwa wengine wote, halmashauri inakuja kupima mfuko. England kipimo kiko hivi: ukiwa na mali inayozidi paundi 23,250, jilipie mwenyewe yote. Ukiwa chini ya paundi 14,250, mali yako haiguswi, ila sehemu kubwa ya pensheni yako inakwenda kwenye bili na unaachiwa kama paundi 30 kwa wiki za sabuni na peremende. Ukiwa katikati, kila paundi 250 ulizonazo juu ya kile kiwango cha chini zinahesabiwa kuwa zinakuingizia paundi moja kwa wiki, nayo unachangia. Viwango hivyo viwili havijapandishwa tangu mwaka 2010. Bei ya mkate imepanda, bei ya nyumba imepanda, kipimo kimekaa pale pale.

Sasa sikia penyewe. Mzee akihamia kwenye nyumba ya wazee moja kwa moja, nyumba yake mwenyewe nayo inahesabiwa kuwa ni mali. Kuna nafuu: wiki 12 za mwanzo haihesabiwi, na haihesabiwi kabisa kama mke au mume bado anaishi ndani, au ndugu mwenye miaka 60 na zaidi, au ndugu mlemavu. Lakini mjane aliyebaki peke yake, nyumba ikawa tupu siku aliyohamia, hana pa kujificha. Chukua nyumba ya paundi 250,000. Kwa paundi 1,000 kwa wiki, tukiacha pembeni pensheni yake, itamchukua miaka minne na ushei tu kufika kwenye zile 23,250. Jasho la miaka 40 linayeyuka kama barafu ya mia juani.

Najua wajanja wa mjini mmeshapata jibu: si unamwandikia mwanao nyumba mapema? Wenzetu waliliona hilo zamani. Halmashauri ikigundua uligawa mali makusudi ili ukwepe bili, inakuhesabia kama vile bado unayo. Kinachoruhusiwa ni kukopa: halmashauri inalipa kwa niaba yako, deni linakaa juu ya nyumba pamoja na riba, na siku ukifariki nyumba inauzwa deni lilipwe.

Na kuna chumvi juu ya kidonda. Mwaka 2017 mamlaka yao ya ushindani wa biashara ilichunguza nyumba za wazee ikakuta kwamba anayejilipia hutozwa kwa wastani asilimia 41 zaidi ya kile ambacho halmashauri inalipa, tena ndani ya nyumba ile ile. Kwa maneno mengine, bibi aliyejinyima akaweka akiba anamlipia na jirani yake wa chumba cha pili. Aliyetumia zake zote ujanani analipiwa. Hapo ndipo watu wanapokasirika, na mie siwalaumu.

KITI MOTO CHA WANASIASA

Kama unadhani wanasiasa hawajui, wanajua sana. Ila kila anayeligusa anaungua vidole.

Mwaka 2011 mchumi mmoja, Andrew Dilnot, aliyepewa kazi na serikali, alitoa pendekezo rahisi: iwekwe dari. Mtu alipie malezi mpaka kiwango fulani maishani, akifika hapo serikali ipokee. Yeye alitaja paundi 35,000. Bunge likapitisha sheria mwaka 2014, dari likapangwa kuwa paundi 72,000 kuanzia Aprili 2016. Ilipofika 2015 serikali ikasema subirini mpaka 2020. Ilipofika 2017 ikasema tumeachana nalo.

Mwaka huo huo wa 2017 Waziri Mkuu Theresa May aliingia kwenye uchaguzi akiongoza kwa mbali. Katika ilani yake akasema mzee atabakishiwa paundi 100,000, lakini nyumba itahesabiwa hata kwa yule anayelelewa nyumbani kwake, ambaye mpaka leo nyumba yake haihesabiwi. Lo! Wapinzani wakaibatiza "kodi ya wagonjwa wa kusahau". Wazee wakachachamaa. Baada ya siku nne mama akageuza maneno, lakini maji yalishamwagika. Tarehe 8 Juni 2017 chama chake kikapoteza wingi wa viti bungeni. Hakuangushwa na hilo pekee, ila hakuna anayebisha kwamba lilimchubua.

Akaja Boris Johnson. Septemba 2021 akatangaza dari la paundi 86,000 kuanzia Oktoba 2023, na makato ya mishahara yakaongezwa kwa asilimia 1.25 ili hela ipatikane. Makato yakaondolewa Novemba 2022, na mwezi huo huo dari likasogezwa hadi Oktoba 2025. Julai 2024 serikali mpya ya Labour, kupitia waziri wa fedha Rachel Reeves, ikalifuta kabisa kwa kusema hela hakuna. Januari 2025 ikatangazwa tume nyingine, chini ya Louise Casey, na ripoti yake ya mwisho imepangwa kutoka 2028. Hesabu mwenyewe, msomaji: toka 2011 hadi 2028 ni miaka 17. Mzee aliyekuwa na miaka 75 wakati wa Dilnot, akijaliwa, atakuwa na 92.

Kisa cha yote haya ni kimoja. Kila mtu anataka mzee alelewe vizuri, na kila mtu anataka alipe mwingine. Kijana anasema wazee wana majumba, wauze. Mzee anasema nimelipa kodi maisha yangu yote. Mtoto anasema nyumba ya mama ni urithi wangu. Wote wana hoja, na wote mkono hauingii mfukoni.

NAFUU NDOGO NDOGO

Nisiwaonee lakini. Zipo nafuu ambazo mzee wa kule anazipata, na nyingi zinapotea kwa kutoombwa tu. Kuna posho ya malezi kwa aliyefika umri wa pensheni na anahitaji msaada: kwa mwaka wa fedha 2025/26 ilikuwa paundi 73.90 au 110.40 kwa wiki, kulingana na hali yake. Posho hiyo haikatwi kodi na haiangalii mfuko. Uwe tajiri uwe kapuku, unapata, mradi uombe.

Halafu kuna kodi ya halmashauri ambayo kila nyumba inalipa. Anayeishi peke yake anapunguziwa robo. Mwenye ugonjwa wa kusahau uliothibitishwa na daktari, akiwa anaishi peke yake, anaweza kusamehewa yote. Mzee akihamia nyumba ya wazee moja kwa moja na kuacha nyumba yake tupu, nayo inasamehewa. Binamu ananiambia amekuta familia ambayo miaka inapita inalipa kodi isiyopaswa kulipa, kwa sababu hakuna aliyejaza fomu. Hilo la fomu liweke akilini, nitalirudia.

Na majuu si pamoja. Scotland, toka Julai 2002, mwenye miaka 65 na zaidi halipii huduma ya mwili, yaani kuogeshwa, kuvishwa, kulishwa. Chumba na chakula kwenye nyumba ya wazee bado analipa akiwa na uwezo. Ujerumani mwaka 1995 walianzisha bima ya malezi, mfanyakazi anakatwa na mwajiri anachangia. Halafu kuna kituko: toka 2005 asiye na mtoto anakatwa zaidi ya mwenye mtoto! Hoja yao ni kwamba mwenye watoto ameshachangia kwa kuzaa watakaolipa bima kesho. Wajapani nao wakaanza yao mwaka 2000. Ukifika miaka 40 unaanza kukatwa, na siku ukihitaji malezi unatoa asilimia 10 ya gharama, mwenye nacho anatoa 20 au 30.

Nchi hizo bado zinalalamika, hela haitoshi popote. Ila zimefanya jambo moja: zimekubali kwamba kuzeeka kuna bei, zikaanza kuchanga mapema.

TURUDI BONGO

Haya, sasa tuache majuu. Sisi tuliosema "hatuwezi", tunawezaje?

Kwanza si kweli kwamba hatuna nyumba za wazee. Serikali inazo, kama Nunge kule Kigamboni na Kolandoto Shinyanga, na Zanzibar kuna Sebleni na Welezo. Hizo ni za wazee wasio na mtu wa kuwatunza, na hawatozwi. Zanzibar imekwenda mbele zaidi: toka Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 na zaidi anapata pensheni jamii, hata kama hakuwahi kuajiriwa. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, na chini ya Rais Hussein Mwinyi ikapandishwa hadi 50,000. Si nyingi, lakini mzee anaishika mkononi mwake, hamwombi mtu. Bara tuna Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, na mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bure. Pensheni ya wote Bara bado ni wimbo.

Kwa hiyo walio wengi wanalelewa nyumbani. Na nyumbani ndipo ninapotaka tuingie, kwa ruhusa ya mama mdogo.

Bibi yangu alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza. Kikao cha ukoo kikakaa. Wajomba wakaongea vizuri sana, wakasema mama yetu hawezi kupelekwa popote, sisi si Wazungu. Kila mtu akapiga makofi. Kisha wajomba wakarudi makwao, na bibi akabaki na mama mdogo, kwa sababu mama mdogo hana mume na ana "genge tu".

Hilo genge tu lilikuwa linamwingizia faida kama elfu 10 kwa siku. Nyanya, vitunguu, dagaa, mkaa wa kupima. Sasa utauza nyanya saa ngapi wakati mtu anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili? Genge likafa ndani ya miezi mitatu.

Nimekaa na mama mdogo tukaandika kwenye daftari, kwa hesabu zangu za kidato cha nne. Kwa mwezi mmoja, bila kuweka kodi ya pango maana nyumba ni ya bibi:

Pampasi za wakubwa, pakiti tatu za elfu 15: sh. 45,000. Na hapo ni moja kwa siku, mchana ni vitambaa.

Dawa za presha: sh. 30,000.

Sabuni na maji ya ziada: sh. 25,000.

Bajaji ya kwenda na kurudi kliniki: sh. 20,000.

Maziwa, unga wa uji na matunda: sh. 60,000.

Jumla sh. 180,000. Halafu weka faida ya genge lililokufa, sh. 300,000. Inakuja sh. 480,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi milioni 5 na laki 7 na elfu 60.

Tulipofika kwenye jumla mama mdogo alinyamaza. Kisha akauliza, "Kumbe natoa zote hizo?" Nikamwambia ndiyo shangazi zangu na wajomba hawajui. Mjomba mkubwa anatuma elfu 50, mwezi mmoja ndiyo, miwili hapana, na siku akituma anapiga simu kwa ukoo mzima kutangaza. Na sijaweka mshahara. Binamu yangu kule majuu analipwa kwa saa kufanya kazi hiyo hiyo. Mama mdogo anaifanya usiku na mchana, malipo yake ni "Mungu atakulipa".

Sasa niambie, tofauti yetu na Waingereza iko wapi? Kule mzee anauza nyumba yake ili alelewe. Huku mtoto mmoja, mara nyingi wa kike, anauza maisha yake ili mzazi alelewe, na ukoo mzima unajisifu kwa utu. Bili ipo kote kule na huku. Ya kule imepigwa chapa, ya kwetu hajaandikiwa mtu. Na isiyoandikwa ndiyo mbaya zaidi, maana anayeilipa hawezi hata kudai risiti.

ELFU KUMI NA NANE ZA LUKU

Niliahidi kurudia habari ya fomu. Mwaka 2021 kodi ya majengo ilianza kukatwa kwenye LUKU. Nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikawa 1,500. Kwa mwaka ni sh. 18,000. Sheria inampa msamaha mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na kipato, kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe, hali kadhalika mlemavu. Tatizo ni kwamba mita haijui umri wa mtu. Ukinunua umeme inakata tu, mpaka mhusika aende na vitambulisho akaandikishe msamaha wake.

Ni wazee wangapi mtaani kwako wanakatwa bila kujua? Elfu 18 utaiona ndogo. Kwa mama mdogo ni pakiti moja ya pampasi na chenji ya elfu tatu.

Na hapa kuna tope jingine. Nyumba anayoishi bibi mpaka leo imeandikwa jina la babu, na babu alifariki siku nyingi. Mirathi haikufunguliwa kwa sababu kila wajomba wakikutana wanaogopana. Mzee wa kuombewa msamaha yupo, karatasi zinamtaja marehemu. Najua ni nyumba nyingi ziko hivyo hivyo. Watu wanaogopa kufungua mirathi wasije wakagombana, kisha wanagombana mara mbili baadaye.

TUFANYEJE BASI?

Sina dawa ya serikali, mie ni mwandishi tu. Ila ya ndani ya uwezo wetu ni haya.

Moja, andikeni. Ukoo wenye mzee asiyejiweza ununue daftari la shilingi elfu moja, kila matumizi yaingie humo. Kikao kijacho lisomwe kwa sauti. Mjomba anayesema "mama hakosi kitu" asikie pampasi ni shilingi ngapi.

Mbili, anayelala na mzee asichangishwe hela. Ameshachangia kwa mgongo wake. Wengine ndio watoe, tena waweke na kitu cha mkononi mwake, hata kidogo. Na wapange zamu, walau Jumapili moja kwa mwezi mjomba aje ageuze mzazi wake yeye mwenyewe. Sijawahi kusikia mwanaume amekufa kwa kumwogesha mama yake.

Tatu, dai haki ndogo ndogo. Ulizia kitambulisho cha mzee kwenye ofisi ya mtaa au kijiji. Uliza dirisha la wazee hospitali. Uliza TRA au halmashauri habari ya msamaha wa nyumba. Ukizungushwa, rudi tena.

Nne, fungueni mirathi wakati mko wazima na mnaongea.

Na serikali nayo isijifiche nyuma ya mila zetu. Kila anaposimama kiongozi kusema "sisi kwetu wazee hulelewa na familia", aulizwe familia ni nani. Akijibu kwa ukweli atasema ni mama mdogo. Sasa huyo mama mdogo naye atazeeka, genge hakuna, akiba hakuna, mume hakuna. Yeye atalelewa na nani?

Juzi mjomba mkubwa amepelekewa nakala ya lile daftari. Mpaka naandika hapa alikuwa hajapiga simu, lakini wiki hii ametuma laki moja na hakutangaza kwa mtu. Tunasubiri mwezi ujao tuone.

Na wewe msomaji, kwenu bili anaibeba nani? Niandikie kupitia anuani ya gazeti hili, barua nzuri nitazitoa. Wiki ijayo, tukijaaliwa, tutazungumzia wanaokopa kwa ajili ya kufanya sherehe ya harusi. Huko nako kuna vilio!